Mzigo wa Mwenye Mali

Mwaka jana nilialikwa na walimu wa sekondari moja ya hapa Dongobesh nizungumze na wanafunzi juu ya ushairi. Katika maelezo yangu nikadokeza kwamba utajiri, pamoja na uzuri wake, una hasara zilizofichika ambazo hazitajwi mara nyingi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono, akasimama, akanipa shikamoo, kisha akasema: "Mzee, hasara hizo naomba nipewe mimi, nitazibeba." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wao akacheka, nami nikacheka, maana maneno ya kijana yalikuwa na nguvu kuliko yangu. Nikaendelea na somo la vina na mizani, nikarudi nyumbani bila ya kumjibu. Insha hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kwanza nakiri kwamba kijana yule alikuwa na haki. Umaskini si pambo. Mtu anayeusifu umaskini aghalabu ni mtu aliyekwisha kula. Mama anayehangaika kutafuta nauli ya kumfikisha mtoto mgonjwa katika hospitali ya Haydom hahitaji kuambiwa kwamba matajiri nao hulia. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa serikali. Mshahara wangu si mkubwa, lakini huja kila mwisho wa mwezi, na mtu wa namna yangu hana ruhusa ya kumhubiria mwenzake uzuri wa njaa. Kwa hiyo siulizi kama utajiri ni bora kuliko ufukara. Swali hilo lilikwisha jibiwa na tumbo. Ninalouliza ni hili: mwenye mali hupoteza kitu gani bila ya kujua kwamba amekipoteza?

Nayatilia mkazo maneno hayo, "bila ya kujua", kwa sababu ziko hasara za mali zilizo wazi, na hizo si shabaha yangu. Kila mtu anajua kwamba mali huita wezi, huita husuda, na huita ndugu ambao jana hawakuwapo. Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018 Mohammed Dewji, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yetu, alitekwa na watu wenye silaha mjini Dar es Salaam alipokwenda kufanya mazoezi ya mwili. Jamaa zake wakatangaza zawadi ya shilingi bilioni moja kwa atakayewezesha kupatikana kwake, na tarehe 20 ya mwezi ule ule akaachwa akiwa hai. Mkulima wa vitunguu saumu wa Dongobesh huamka alfajiri kama ile, akashika njia ya shamba peke yake na jembe begani, wala hakuna anayemvizia. Hiyo ni hasara ya tajiri, sikatai, lakini ni hasara yenye sura: mwenyewe huiona, na huitengenezea ukuta, mbwa, kufuli na mlinzi.

Hata katika nchi hii ya Mbulu hasara ya namna hiyo ina historia ndefu. Katika karne ya 19 Wairaqw, ambao wageni wengi huwaita Wambulu, walikuwa wakivamiwa na Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. (Leo watu wa makabila hayo mawili hukutana mnadani wakibishana bei, na anayeshindwa ni yule mwenye haraka.) Dawa waliyoibuni wazee ilikuwa nyumba. Walichimba ubavu wa kilima, wakasimamisha nguzo ndani ya shimo, wakaezeka kwa miti na udongo hata paa likawa sawa na mteremko. Aliyetazama kutoka mbali aliona kilima tu. Ndani mlikuwa na watu, ng'ombe, mbuzi, moshi na giza. Nilipokuwa mtoto nilipata kuingia katika tembe la namna hiyo, na nakumbuka jinsi macho yangu yalivyokaa kitambo kirefu kabla ya kuona kitu. Mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kujificha. Yaani mali yake ilimfukia mwenyewe angali hai.

Lakini wazee hao walikuwa na dawa ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa jamaa, kwa marafiki, kwa watu wa mbali wenye malisho mema. Huyu akampa jike mmoja, yule wawili. Aliyepewa aliwachunga, akanywa maziwa, akaitia samadi katika shamba lake. Ng'ombe na uzao wake wakabaki kuwa mali ya mwenyewe, isipokuwa kama walipatana kwamba mchungaji apate ndama kwa shukrani. Sababu ya kwanza ya desturi hii ilikuwa hesabu tupu. Mnamo miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikafagia mifugo, na mtu aliyelala na zizi lililojaa aliweza kuamka na mizoga. Aliyeitawanya mali yake alikuwa na tumaini la kubaki na mbegu. Ugonjwa huo umekwisha duniani, na kwisha kwake kulitangazwa mwaka 2011. Lakini wazee wetu hawakuwa na chanjo ya daktari wa mifugo. Chanjo yao ilikuwa watu.

Nilimjua mzee mmoja, jirani wa babu yangu, aliyekuwa tajiri kwa namna hii. Ukimwuliza idadi ya ng'ombe wake hakukupa tarakimu. Alitaja nyumba: kwa fulani wawili, kwa mjane wa fulani mmoja mwenye ndama, kwa shemeji yake kule bondeni watatu. Hakuweza kuihesabu mali yake bila ya kuwakumbuka watu, wala kuikagua bila ya kutembea kwa miguu mpaka milangoni mwao, akaketi, akanywa buura waliyompa, akasikia kwamba mtoto wa huyu anaumwa na kwamba yule amegombana na mkewe. Alijua habari za nchi nzima kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wamelala nchi nzima. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, njia ya kwenda kwake haikuota majani.

Nisiipambe desturi hii kupita kiasi. Mwalimu mmoja rafiki yangu, nilipomsomea sehemu hii, alinikatiza. "Ndugu yangu," akaniambia, "unasahau kwamba aliyeshika ng'ombe wa mtu alikuwa na ulimi mfupi mbele ya mtu huyo." Ni kweli, nami sikuwa nimeliandika. Katika kikao cha wazee, aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa mwenzake alifikiri mara mbili kabla ya kumpinga. Desturi haikuondoa ukubwa na udogo. Hata hivyo mkubwa naye alikuwa mkononi mwa mdogo, maana ng'ombe aliye mbali huweza kucheleweshwa maji, na ndama huweza kuliwa na fisi mwenye miguu miwili. Kila mmoja alishika kamba ya mwenzake. Hapo ndipo ulipo ubora wa mambo yale, kama ulikuwapo: si katika wema wa moyo wa tajiri, bali katika kuwa tajiri hakuweza kuishika mali yake bila ya mikono ya watu wengine.

Sasa nirudi kwa kijana wa kidato cha tatu. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tumezoea kumsomea maskini methali hii ili kumliwaza. Mimi naomba tumsomee tajiri. Kama dhiki ndiyo mizani ya kupimia urafiki, basi mtu asiyefikwa na dhiki hana mizani. Marafiki zake ni wengi, huja kwake Jumapili na sikukuu, humwita kwa majina mazuri, lakini hajui uzito wa hata mmoja wao. Yamkini kumi kati yao wangemfaa siku ya taabu, yamkini hakuna. Maskini anajua. Alilala njaa mara moja akaona nani alileta unga na nani alibadili njia. Elimu hiyo aliinunua kwa bei kali, lakini anayo.

Iko methali nyingine iliyo kinyume cha hiyo, nayo ndiyo mwongozo wa tajiri: penye udhia penyeza rupia. Gari lake likikwama katika tope la masika, hulipa vijana wakalisukuma. Mahindi yake yakikomaa, hulipa vibarua. Mtoto wake akifeli hisabati, hulipa mwalimu wa ziada. Hakuna dhambi katika malipo hayo. Tena aliyelipwa hushukuru. Lakini kila alipapo huukwepa mlango ambao majirani hujuana kwa kuupita, nao ni mlango wa kuomba. Kuomba ni aibu ndogo, lakini ndani yake mna heshima kwa anayeombwa. Mwanamke anayemtuma mtoto kwa jirani akaombe chumvi humfanya jirani yule kuwa mtu mwenye chumvi, na humpa ruhusa ya kuja kesho kuomba kijinga cha moto. Tajiri hununua gunia zima la chumvi. Hamwombi mtu, na kwa kuwa hamwombi mtu, jirani naye huona haya kumwomba, isipokuwa yule aliyekwisha kuitupa haya, ambaye huja kila siku. Basi tajiri husema moyoni kwamba watu wote ni ombaomba, kumbe wenye haya wamekaa kwao kimya na yeye hakuwaona.

Hasara nyingine, ambayo mimi kwa kazi ya ushairi nimeiona kwa macho, ni kunyimwa ukweli. Nilihudhuria sherehe moja ambapo mwenyeji, mtu wa mali nyingi, alisimama akasoma shairi alilolitunga mwenyewe. Vina havikuwa na mahali pa kulala. Mizani iliruka huku na huko kama mbuzi waliofunguliwa. Kama lingekuwa shairi la mwanafunzi, ningelichora kwa wino mwekundu kutoka juu hata chini, na mwanafunzi angejifunza. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nami nilipiga, na nilipoulizwa nikasema kwamba limenigusa. Bwana yule ataendelea kutunga vibaya mpaka kufa, na sababu ni sisi. Hilo ni shairi tu. Mambo yangapi ya nyumba yake, ya watoto wake, ya biashara yake, ya afya yake hupigiwa makofi ya namna ile? Mchunga mbuzi akikosea, hukemewa kabla ya jua kutua.

Fasihi yetu imeyagusa mambo haya, lakini kwa upande mwingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, alizitazama nyumba za matajiri wa Pate zilizobaki magofu akauonya moyo wake. Shaaban Robert, katika Kufikirika, alimweka mfalme mwenye kila kitu ila mtoto. Wa kwanza alisema juu ya kifo kinachomvua tajiri mali. Wa pili juu ya kitu ambacho mali hainunui. Nalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtazama mwenye mali kutoka upande wa mnyonge: lilikemea unyonyaji, likawakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, masharti yaliyokuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991. Yote hayo yalikuwa na haja ya kusemwa. Ila nadhani hatukujiuliza vya kutosha mali humfanyia nini mwenyewe angali hai, mzima, katikati ya majirani zake, na hakuna aliyemwibia wala aliyemlaani.

Kwa maoni yangu hasara hii imezidi tangu mali ilipoacha kuwa na miguu. Ng'ombe hafichiki sana. Hata wazee waliochimba vilima walimtoa asubuhi akale majani. Maziwa huganda, nyama huoza, na fahali akichinjwa hakuna nyumba moja inayoweza kummaliza. Mali ya ng'ombe ilimlazimisha mwenyewe kuwa na wenzake. Fedha haimlazimishi. Hulala kimya sandukuni au benki, haili, hailii, haina mchungaji wa kuisemea, na hata mke wa mtu anaweza asiijue.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilikuwa adimu. Sukari, sabuni na khanga zilipangiwa foleni. Msako ulipoanza, watu wenye ghala za siri waliingiwa na hofu, na katika sehemu nyingi za nchi wakazitupa mali zao usiku. Upande wetu tulikuta asubuhi, tukienda shule, magunia ya sukari yametupwa korongoni, mengine yamepasuka, na siafu wamewahi kabla yetu. Mwenyewe alijulikana na kila mtu, ingawa sitamtaja. Wakati ule tulisema kwamba ameadhibiwa na serikali. Leo nalifikiri jambo lingine. Mzee yule wa ng'ombe, kama angelazimika kuondoa mali usiku mmoja, alikuwa na milango thelathini ya kubisha hodi. Mwenye sukari, aliyewauzia na kuwaficha majirani kwa miaka, hakuwa na mmoja. Alikuwa na korongo.

Na juzijuzi tu, Benki Kuu ilipotangaza kuziondoa katika mzunguko noti za zamani, na muda wa kuzibadilisha ukawekwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, niliwaona watu wakipeleka mabunda yenye harufu ya udongo. Sikuwaza kwamba ni wezi. Wengi walikuwa wazee waliojinyima. Niliwaza juu ya miaka yote ambayo noti zile zililala, na hazikumchungia mtu ng'ombe wala kumlimia mtu shamba.

Sisemi kwamba fedha haiwezi kutembea. Katika mkoa wetu huu wa Manyara, huko Simanjiro, mfugaji na mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mwezi wa Juni 2020 mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni saba. Moyo wa mtu haufunuliwi na magazeti, wala sitaki kumfanya mtakatifu. Lakini nilipendezwa kwamba miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyasema ni kujenga shule karibu na kwake, na kuendelea na ng'ombe wake kama jana. Shule ni kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukitumia peke yake. Inafanana na fahali.

Nimebakiza kisa kimoja, nacho ndicho kilichonifanya nilidokeze jambo hili darasani. Yuko mfanyabiashara wa upande huu, mnunuzi wa vitunguu saumu na mahindi, mwenye malori. Si mtu mbaya. Hupima kwa haki, hulipa siku ile ile, na watoto kadhaa wasiokuwa wake wamesoma kwa mkono wake. Tangu alipotajirika hakuonekana tena katika misiba ya majirani, kwa sababu alikuwa safarini, lakini kila msiba alituma rambirambi kwa simu, na fungu lake lilikuwa kubwa kuliko la wote. Jina lake lilisomwa la kwanza, watu wakashukuru.

Kisha mama yake mzazi akafariki. Kabla ya adhuhuri simu yake ilikuwa ikilia mfululizo: rambirambi, rambirambi, kutoka kila pembe. Turubai likaletwa, viti vikaletwa, wapishi wakaletwa, wote kwa malipo. Katika kijiji kile kaburi huchimbwa na majirani. Vijana hufika na majembe na makoleo bila ya kuitwa, wakapokezana mpaka kina kitimie. Siku ile walikuja wafanyakazi wake wa ghala na wazee wawili waliokuwa rafiki za marehemu. Saa zikapita. Mwishowe mtu akatumwa stendi kutafuta vijana wa kulipwa. Niliuliza baadaye kama palikuwa na shauri la kumsusia. Hapakuwa. Hakuna aliyekutana na mwingine, wala aliyekuwa na kinyongo. Kila mmoja alifikiri kwamba amekwisha tenda kama mwenyewe atendavyo.

Baada ya majuma matatu alinijia ofisini na daftari. Alitaka nimwandikie barua ya shukrani kwa Kiswahili kizuri, kwa kuwa alisikia kwamba mimi ni mshairi. Akalifungua daftari mezani, akaonyesha majina yote na mafungu yao, kurasa nne zilizojaa, jumla imepigiwa mstari chini. Tukaanza kuandika. Katikati ya sentensi ya pili akaweka kidole juu ya orodha, akaniuliza bila ya hasira: "Hawa wote, kaka, walikuwa wapi?"

Nilitazama pale kidole kilipokuwa. Jina langu lilikuwa la saba kutoka juu, shilingi elfu ishirini. Siku ile nilikuwa na kikao.